Mkurugenzi wa soka: kwanza kazi, ndipo mtu

Jumapili ya tarehe 26 Julai 2020, Aston Villa walitoka sare ya 1-1 na West Ham jijini London, wakabaki Ligi Kuu ya Uingereza kwa tofauti ya pointi moja tu. Huku kwetu tulishangilia kwa sababu ya Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, aliyefika Januari mwaka huo na kufunga bao Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Siku chache baadaye Villa waliachana na Jesús García Pitarch, Mhispania aliyekuwa mkurugenzi wao wa michezo, yule ambaye Samatta alisajiliwa chini yake. Kiti chake akapewa Johan Lange kutoka Copenhagen. Vijiwe vya Dar es Salaam havikuwa na habari na jambo hilo. Kocha alikuwa Dean Smith, na Dean Smith alibaki palepale, kwa hiyo tulidhani hakuna kilichobadilika.

Septemba Villa wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford kwa ada iliyovunja rekodi ya klabu. Kabla mwezi haujaisha Samatta alikuwa Uturuki, Fenerbahçe, kwa mkopo.

Sisemi Lange peke yake ndiye aliyemwondoa. Mabao yalikuwa machache, na klabu ilitaka mshambuliaji wa aina nyingine. Ninachosema ni kwamba mchezaji hununuliwa na mpango, na mpango una mwenyewe. Mwenyewe akiondoka, mchezaji anabaki kama mgeni ambaye aliyemwalika hayupo nyumbani. Sisi tumezoea kumtazama kocha anayenyanyua mikono pembeni ya uwanja, ilhali mtu aliyeamua nani avae jezi ile, kwa mkataba wa miaka mingapi na kwa mshahara gani, ameketi jukwaani na wengi hatulijui hata jina lake.

Mtu huyo ndiye tunayemwita mkurugenzi wa michezo, au mkurugenzi wa soka. Klabu zetu nazo zimeanza kumtafuta. Ndiyo maana nataka tuifungue kazi hii taratibu, maana naona tunaanza na jina la mtu kabla hatujakubaliana kazi ni ipi.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na vyeo vyenyewe. Waingereza kwa miongo mingi walimwachia meneja kila kitu: Alex Ferguson pale Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013, Arsène Wenger pale Arsenal kuanzia 1996 hadi 2018. Hao walifundisha, walisajili, na waliamua kijana yupi apandishwe. Kwetu, meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: ni yule wa safari, hoteli, leseni za wachezaji na vifaa. Mkurugenzi wa ufundi tumezoea kumsikia kwenye shirikisho, akishughulikia kozi za makocha na timu za vijana. Nchini Italia mkurugenzi wa michezo ni taaluma yenye mlango wake: mtu anasoma kozi pale Coverciano, kituo cha shirikisho lao, anafanya mtihani, kisha anaingizwa kwenye daftari la wenye sifa. Kwa hiyo klabu ikitangaza kwamba inatafuta mkurugenzi wa soka, watu watano watasoma tangazo hilo na kuelewa kazi tano.

Kwa ninavyoielewa mimi, kazi yenyewe ni kuishika kumbukumbu ya klabu. Anajua timu inataka kucheza vipi, na kwa hiyo inahitaji beki wa kulia wa aina gani. Anawasimamia maskauti, yaani wasaka vipaji, pamoja na wachambuzi, madaktari na timu za vijana. Anajua mkataba wa nani unaisha lini. Na kocha akifukuzwa, yeye ndiye mwenye orodha ya watatu wanaoweza kuja bila kuilazimu klabu kuvunja kikosi kizima.

Hili la mwisho linatuhusu mno. Kati ya Oktoba 2021 na Aprili 2024, Simba waliachana na Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha. Makocha watano wa kudumu katika kipindi kisichofika miaka mitatu, na katikati Juma Mgunda akiitwa kuzima moto. Mfaransa, Mhispania, Mserbia, Mbrazili, Mualjeria. Kila mmoja ana soka lake, ana mazoezi yake, ana mchezaji anayempenda na asiyemtaka. Sasa jiulize: kama usajili unafuata matakwa ya kocha aliyepo, mchezaji aliyesainiwa miaka mitatu kwa ombi la kocha wa kwanza atacheza vipi kwa kocha wa tatu? Anakaa benchi, analipwa, kisha tunavunja mkataba kwa fedha. Shabiki anaona tu kwamba mchezaji "amefeli". Sijataja Simba kwa sababu wao ni wabaya kuliko wengine. Nimewataja kwa sababu ni klabu kubwa ambayo mambo yake yako wazi kwa kila mtu, na klabu nyingi ndogo zinabadilisha makocha hivyohivyo bila yeyote kuhesabu.

Haya, sasa mtu mwenyewe. Ukitaka kuelewa ugumu wa kumchagua, mfuatilie Monchi.

Jina lake kamili ni Ramón Rodríguez Verdejo. Alikuwa kipa wa Sevilla, na kwa miaka mingi alikuwa kipa wa akiba. Alistaafu mwaka 1999, na mwaka 2000, klabu ikiwa imeshuka daraja na ina madeni, akapewa idara ya soka. Hakuwa na fedha ya kununua, akaanza na alichonacho: vijana wa nyumbani na wachezaji ambao wengine hawajawaona. José Antonio Reyes alitoka kwenye timu ya vijana, akauzwa Arsenal Januari 2004. Sergio Ramos alitoka hukohuko, akauzwa Real Madrid 2005 kwa takriban euro milioni 27. Dani Alves aliletwa kutoka Bahia ya Brazili akiwa kijana asiyejulikana Ulaya, akaondoka kwenda Barcelona 2008. Ivan Rakitić alinunuliwa kutoka Schalke Januari 2011 kwa fedha kidogo, akawa nahodha, naye akaenda Barcelona. Fedha ya kila aliyeuzwa ilileta wengine. Makombe yakafuata: Kombe la UEFA 2006 na 2007, Ligi ya Europa 2014, 2015 na 2016.

Mwaka 2017 Roma wakamchukua. Mtu yuleyule, mwenye maskauti, uzoefu na jina ambalo hakuna aliyekuwa nalo katika kazi hiyo. Mohamed Salah akauzwa Liverpool kiangazi kilekile, wakati klabu inabanwa na kanuni za fedha za UEFA. Mwaka uliofuata Alisson naye akaenda Liverpool kwa ada ambayo wakati ule ilikuwa rekodi ya dunia kwa kipa. Wakaja Patrik Schick, Javier Pastore, Steven Nzonzi. Lazima tumtendee haki: Roma walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018, na kijana Nicolò Zaniolo aliingia kama sehemu ya biashara ya Radja Nainggolan kwenda Inter. Lakini Pastore na Nzonzi hawakuwa jibu, mashabiki waliona kikosi kikibomolewa, na mwenye klabu, James Pallotta, alikuwa Marekani akiwa na mawazo yake juu ya njia ya kupita. Machi 2019, timu ilipotolewa na Porto na kocha Eusebio Di Francesco kufukuzwa, Monchi naye akaondoka. Mwezi huohuo akarudi Sevilla. Mwaka 2020 Sevilla wakabeba Ligi ya Europa tena, na 2023 wakaibeba tena.

Wengi huisoma habari hii kama bahati: kuna mahali nyota yako inang'aa na mahali haing'ai. Mimi naona sababu za kawaida kabisa. Sevilla walikuwa wamekubaliana wote, kuanzia rais hadi shabiki wa jukwaa la kaskazini, kwamba tunauza bora wetu ili tuishi, na anayeuza ni Monchi. Akimuuza Alves hakuna anayemwita msaliti, kwa kuwa watu wameona mara ngapi fedha hiyo ikirudi ikiwa mchezaji mwingine. Aliijua klabu tangu avae glovu zake. Roma hawakuwa na makubaliano hayo. Walitaka kombe na walitaka kuuza, vyote viwili kwa msimu mmoja, na mwenye kuamua alikuwa mbali. Kwa hiyo swali la "Monchi ni mzuri?" halina jibu mpaka useme ni mzuri kwa klabu ipi, yenye fedha gani, inayoongozwa na nani.

Ndiyo maana nasema klabu ijipime kwanza. Kabla ya kumwita mtu yeyote kwenye usaili, wenye klabu wakae waandike kwa Kiswahili cha kawaida: nani ana neno la mwisho kwenye usajili? Mkurugenzi akisema hapana na mwenye fedha akisema ndiyo, nini kinatokea? Kocha anaajiriwa na nani, na anafukuzwa na nani? Kama majibu hayo hayapo, yeyote mtakayemchukua ataondoka akiwa na kinyongo.

Manchester United, pamoja na fedha zao zote, walijikwaa papo hapo. Dan Ashworth alikuwa jina linaloheshimika Uingereza: alifanya kazi West Brom, akaenda Chama cha Soka cha England ambako timu zao za chini ya miaka 17 na 20 zilitwaa ubingwa wa dunia 2017, kisha Brighton, kisha Newcastle. United walimtaka kiasi kwamba alikaa nyumbani miezi kadhaa tangu Februari 2024 wakati klabu mbili zinabishana fidia. Akaanza kazi rasmi Julai 2024. Desemba mwaka huohuo akaondoka. Miezi mitano. Ndani ya miezi hiyo kocha Erik ten Hag aliongezewa mkataba, kisha akafukuzwa Oktoba, na Ruben Amorim akaja. Juu ya Ashworth kulikuwa na Jim Ratcliffe aliyenunua zaidi ya robo ya hisa na kushika uendeshaji wa soka, na mtendaji mkuu Omar Berrada. Kando yake mkurugenzi wa ufundi Jason Wilcox. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa zaidi ya wawili. Ubora wa Ashworth ulikuwa palepale. Zizi ndilo lililokuwa halina nafasi ya kazi aliyoitiwa.

Nimewahi kushuhudia toleo letu la jambo hilihili, kwenye klabu moja ambayo sitaitaja. Kocha alikuwa ameomba beki wa kushoto tangu msimu uliopita. Dirisha la usajili lilipofunguliwa, nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha kubadilishia nguo wakati simu yake ilipoanza kulia mfululizo. Watu walikuwa wanampongeza. Akafungua Instagram ya klabu yake mwenyewe, akaona picha ya mshambuliaji amevaa skafu uwanja wa ndege, mkononi ameshika jezi namba 9. Alikuwa mshambuliaji wa tano kikosini. Kocha akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama namjua huyo kijana. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amelipa tiketi kwa fedha yake, kwa mapenzi ya dhati kabisa na klabu. Beki wa kushoto hakuja.

Ndipo unaona kwa nini klabu za wanachama zina ugumu wake. Mfadhili anatoa fedha na anataka kusikilizwa, na ana haki ya kusikilizwa. Kamati ya usajili ina watu walioipigania klabu wakati hakuna fedha. Huwezi kumleta mtaalamu kutoka nje, ukampa ofisi na kadi ya biashara, ukadhani hawa wote watanyamaza. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji mwenyewe awe amekubali kuwa anaumwa. Mkurugenzi wa soka kwenye klabu hizi anahitaji jambo moja kwa maandishi: kwamba hakuna mkataba wa mchezaji unaosainiwa bila sahihi yake, na kwamba akikosea, yeye ndiye anayeulizwa.

Baada ya hapo, tutafute mtu wa aina gani?

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kama awe mchezaji wa zamani. Michael Zorc aliichezea Borussia Dortmund tangu 1981, akastaafu 1998, na mwaka huohuo akaingia kwenye ofisi ambayo alikaa mpaka 2022. Alifaa. Juninho ni mfalme pale Lyon kwa mipira yake ya adhabu. Alirudi kama mkurugenzi 2019 na kufikia mwisho wa 2021 alikuwa ameondoka. Upande mwingine yuko Michael Edwards wa Liverpool, ambaye hakuwa na historia yoyote ya kucheza soka la juu. Alianza kama mchambuzi wa mechi Portsmouth, akapita Tottenham, akafika Liverpool 2011 na kupanda hadi mkurugenzi wa michezo 2016. Yeye na wachambuzi wake walimsisitizia Jürgen Klopp juu ya Salah wakati kocha alikuwa akimfikiria mtu mwingine. Philippe Coutinho alipouzwa Barcelona Januari 2018, fedha ilikuwa tayari ina kazi: Virgil van Dijk aliingia mwezi huohuo, na Alisson kiangazi. Kwa hiyo kucheza zamani kunasaidia heshima ya chumba cha kubadilishia nguo, basi. Hakumfundishi mtu kusoma mkataba.

Kitu ninachokitazama zaidi kwa Edwards ni kwamba aliweza kumbishia kocha anayependwa na dunia nzima, na kocha yule akaendelea kufanya naye kazi. Hiyo ni tabia, haiandikwi kwenye wasifu. Utaipata kwa kuwapigia simu waliofanya naye kazi, hasa wale ambao walikosana naye.

Kwenye usaili wenyewe ningemweka mgombea mezani na karatasi moja. Iwe na majina 25 ya kikosi chenu cha kweli, umri wa kila mmoja, mwezi na mwaka wa mkataba kuisha, dakika alizocheza msimu uliopita na mshahara wake. Mpe saa moja na kalamu nyekundu. Anayeifahamu kazi atakwenda kwanza kwenye safu ya tarehe za mikataba. Atazungushia duara wale ambao wamebakiza mwaka mmoja, kwa kuwa anajua kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine akiwa amebakiza miezi sita, na kwa bei ya bure. Simba walimuona Clatous Chama akivuka barabara kwenda Yanga Julai 2024 baada ya mkataba kuisha. Pengine walikuwa tayari kumwachia. Uamuzi huo ni halali, mradi uwe uamuzi na si kushtukizwa. Kisha mgombea mzuri ataanza kuuliza maswali: huyu wa miaka 31 mnayemlipa kuliko wote ana mrithi? Kwa nini vijana wawili waliopandishwa hawana hata dakika 90? Anayeanza kwa kutaja majina ya wachezaji anaoweza kuwaleta, mshukuru kwa kuja.

Maana hapo kuna hatari ya mawakala wa wachezaji. Kanuni za FIFA zinamkataza kiongozi wa klabu kuwa wakala, ila hazioni kila ndugu na rafiki. Muulizeni wazi, mbele ya mwanasheria, ana uhusiano gani na wakala yupi, na aandike. Halafu tazameni usajili wake wa nyuma: kama nusu ya wachezaji aliowaleta walipita kwa mtu mmoja, mmeshapata jibu.

Nisisahau mambo ya makaratasi, yanayoonekana madogo. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa kuanzia miaka 16 ni nusu asilimia ya ada. Kwa ada ya Samatta kutoka Genk kwenda Villa, iliyotajwa na vyombo vya habari kuwa paundi milioni 8.5, msimu mmoja unakuwa kama paundi 42,500. Kwa klabu ya daraja la chini hapa nchini hiyo ni basi la timu. Lakini haidaiwi kwa kumbukumbu ya kichwa; inadaiwa kwa usajili ulioandikwa vizuri miaka kumi nyuma. Mkurugenzi atakayehangaika na mafaili ya timu ya vijana mbele ya kabati lenye vumbi hatapigwa picha uwanja wa ndege, na huyo ndiye ninayemtaka.

Mkishamchukua, mpeni muda unaolingana na kazi. Aliyempa Monchi ofisi mwaka 2000 asingeweza kumpima kwa Dani Alves, ambaye hakuwa amefika, wala kwa fedha za kumuuza, zilizokuja miaka minane baadaye. Kwa mwaka wa kwanza mpimeni kwa vitu vinavyohesabika: mikataba mingapi muhimu imeongezwa kabla ya kuchelewa, wangapi kati ya wapya wanacheza, kocha analalamika kuhusu nini na halalamiki tena kuhusu nini, na kama kuna faili la kila nafasi uwanjani lenye majina yaliyofuatiliwa. Faili hilo ni mali ya klabu. Kama anaondoka nalo kwenye simu yake, hamkuajiri idara, mliajiri mtu.

Brighton walimsajili Moisés Caicedo kutoka Independiente del Valle ya Ecuador Februari 2021, wakati Ashworth akiwa ofisini, kwa takriban paundi milioni 4. Agosti 2023 wakamuuza Chelsea kwa zaidi ya paundi milioni 100. Siku hiyo Ashworth alikuwa Newcastle tayari, mwaka wa pili. Kiti chake Brighton kilikuwa na David Weir, aliyepandishwa kutoka ndani ya idara ileile, ambako aliwahi kuwafuatilia wachezaji wa klabu waliopelekwa nje kwa mkopo.